Kirikuu ya mzigo uifunike na nini: turubai, fremu, boksi au kanopi?

Leo tuongelee kitu ambacho wengi mnakiona ni kazi ya dereva, kumbe ni kazi yako: kufunika mzigo kwenye gari. Mteja wa Mwanza akifungua kifurushi akakuta kiatu kimelowa, hamjui dereva. Anakujua wewe, ana namba yako na jina la ukurasa wako, na kesho ataandika anachotaka.

Mimi nina fremu ya viatu hapa Kariakoo, mtandaoni nauza zaidi kuliko dukani, na kirikuu tunayotumia tumenunua watatu kwa kuchangishana. Sijasoma ufundi wa magari, nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyajua kwa kupima, kuuliza mafundi wa Gerezani na kuangalia mizigo ya watu inavyoharibika. Na kabla sijasahau, mnajua Kariakoo jina lake limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia? Kirikuu nayo ni Suzuki Carry tu. Yaani soko na gari vyote vina neno la kubeba ndani yake. Haya, twende kwenye somo.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuanza na gari. Mtu ananunua pikapu, kesho yake anatafuta kava linaloipendeza. Anza na mzigo. Jiulize mzigo wako ukipangwa unafika kimo gani, unaharibiwa na nini (maji, vumbi, joto au wezi), na kwa siku unafungua na kufunga mara ngapi. Anayepeleka oda kwa bodaboda kumi barabarani anafungua mara kumi. Anayekwenda stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis anafungua mara moja. Hao hawawezi kununua kitu kimoja.

Niwape mfano wa jirani yangu wa fremu, dada mmoja anauza mikoba. Masika moja alikodi kirikuu kupeleka mikoba 60 stendi, oda za mikoani, zote zimeshalipiwa. Turubai lilikuwepo, la bluu, jipya kabisa. Mvua ikakolea, Jangwani pakafungwa kama kawaida yake, gari ikazunguka njia nyingine na kukaa foleni karibu masaa matatu. Sasa sikilizeni: lile turubai halikutoboka hata tundu moja. Maji yalijikusanya katikati kama kwenye karai, uzito ukalivuta turubai chini, mapindo yaliyokuwa nje ya bodi yakapanda na kuingia ndani. Maji yote yakamwagikia kwenye bodi. Katoni za chini zikasafiri zimekaa kwenye dimbwi. Mikoba 22 bitana ikaota ukungu, na pesa za wateja akarudisha kwa mkopo wa kikoba uliotakiwa kununulia mzigo wa Idi. Idi ikapita yeye anauza mabaki.

Kwa hiyo mtu akikuambia "turubai langu halivuji", muulize maswali mawili: katikati lina mwinuko? Mapindo yanaishia wapi? Maji hayahitaji tundu.

Tuanze na turubai lenyewe maana ndilo la wengi. Yapo ya aina mbili kubwa. Lile jepesi la plastiki iliyofumwa, mara nyingi la bluu, na lile zito la PVC wanalofungia malori. Usidanganyike kwa rangi wala unene wa vidole, tumia mizani. Turubai la mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16. Likiwa na kilo 10 maana yake ni gramu 625 kwa mita ya mraba, hilo ni la lori kweli. Likiwa na kilo 2 au 3, hilo ni la kufunikia tofali, jua la Dar litalikausha mpaka lianze kuchanika kwenye mikunjo. Halafu angalia viungo. Vipande vilivyounganishwa kwa moto havina matundu ya sindano, vilivyoshonwa vinayo, na maji yanapita hapo hapo kwenye uzi. Rangi nyeupe au ya fedha inapunguza joto. Kwa anayeuza lipstiki, mishumaa au viatu vya gundi hilo ni jambo kubwa, turubai jeusi likipigwa jua saa saba mchana pale chini ni oveni.

Bei msiogope, pigeni hesabu kwa safari. Tuseme zito limekugharimu 240,000 na unalitumia miaka miwili, safari nne kwa wiki. Hizo ni kama safari 400, kila safari 600. Jepesi tuseme 40,000, likichoka baada ya miezi mitatu ni safari 48, kila moja zaidi ya 800. Weka namba zako mwenyewe, lakini hesabu ifanye hivyo.

Vipimo sasa, maana watu wananunua turubai kwa macho. Bodi ya kirikuu ina urefu wa sentimita 194 na upana wa 141 hivi, na kuta zake ni kama sentimita 29 tu. Hizo kuta ni fupi sana, ndiyo maana mzigo wetu karibu wote unakaa juu yake. Ukiwa na mzigo unaopita ukuta kwa sentimita 90, turubai lishuke hizo 90 na liongeze 20 nyingine kwa nje ya ukuta. Ni 110 kila upande. Upana: 141 jumlisha 220, unapata 361. Urefu: 194 jumlisha 220, ni 414. Turubai la mita 4 kwa 4 limeshakukosa kwa urefu! Nunua la 4 kwa 5. Zile 20 za nje ndizo zilizomkosesha dada wa mikoba mtaji wake.

Kufunga nako kuna utaratibu. Anza mbele, maana upepo unaingia kutokea kwenye kabini. Pindo la mbele liwe limebanwa chini kabisa, na pembe zikunje kama unafunga zawadi, mdomo wa mkunjo uangalie nyuma, usiangalie mbele. Mkunjo ukiangalia mbele unakuwa mfuko wa kukinga mvua. Kamba ya nailoni ikilowa inalegea, kwa hiyo ukifika nusu ya safari simama uikaze. Mimi napendelea vipande vya tyubu ya tairi, vinavutika na vinabaki vimebana. Na katikati ya mzigo weka kitu cha kuinua, hata katoni moja iliyosimama yenye nguo laini, ili maji yapate mteremko.

Ukichoka kuhangaika na katoni ya kuinua, hapo unafikia fremu ya chuma na turubai juu yake. Kwa kirikuu ya muuzaji wa mtandaoni hili ndilo chaguo langu, na nitatetea. Kirikuu inafunguka pande tatu, kushoto, kulia na nyuma. Hiyo ni mali! Mtaa wa Kongo au Msimbazi huwezi kugeuza gari upendavyo, makuli wanapakia upande wowote wenye nafasi. Fremu yenye mapazia ya turubai ya kukunja juu inakuachia pande zote tatu. Boksi la bati lenye mlango wa nyuma pekee linakunyang'anya mbili.

Na kuna uzito. Kirikuu hizi za Japani zimetengenezwa kubeba kilo 350. Najua tunazipakia mpaka zinainua pua, lakini breki na springi zinajua namba yake. Sasa pima boksi la bati la milimita 1, kimo cha sentimita 120. Kuta nne na paa ni karibu mita za mraba 11, na mita moja ya bati hilo ni karibu kilo 8. Bati peke yake kilo 85. Ongeza mabomba, bawaba na kitasa unapita 110. Karibu theluthi ya uwezo wa gari umebeba boksi kabla hujaweka kiatu hata kimoja, na mafuta unalipa kila siku. Fremu ya bomba la mraba la milimita 25, unene milimita 1.5, ni kama kilo 1.1 kwa mita. Ukitumia mita 20 ni kilo 22. Turubai zito juu yake kilo 8 au 9. Umemaliza kwenye 30.

Fundi atakushawishi. Mimi nilipokwenda aliniambia, "Dada yangu, weka bomba la arobaini uwe na amani." Nikamwambia, "Kaka, la arobaini lenye unene wa mbili ni kilo mbili na nusu kwa mita, hiyo amani nitaibeba mimi kila siku." Akacheka, akakata la 25. Mweleze mambo haya: bomba la katikati la juu liwe limepanda kama sentimita 10 kuliko ya pembeni, fremu ifungwe kwa nati isichomelewe kwenye bodi, na kila alipochomelea apake rangi siku hiyo hiyo maana hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma na chuma. Nati zinakusaidia siku ukipata kazi ya kubeba makochi, unaitoa fremu nzima. Kimo usizidishe. Gari lina upana wa mita 1.48 tu, ukilijengea ghorofa litayumba kwenye kona.

Boksi lina watu wake. Kama unauza simu, saa au vipodozi vya bei, na gari linalala nje au linakaa foleni usiku, turubai halikulindi. Wembe mmoja kwenye taa za barabarani na katoni imeshuka, dereva anaangalia mbele. Hapo boksi lenye kufuli ni halali yake, hata kama linakula kilo 110, kwa sababu mzigo wa simu ni mwepesi na kilo hukuzihitaji. Ila kadi ya gari imeandika aina ya bodi, kwa hiyo ulizia TRA kabla ya kuchomelea, si baada.

Wenye pikapu za Hilux na ndugu zake, nyie mna kanopi na kava la bapa, lile linalolala usawa wa kuta. Kava la bapa linapendeza sana, sikatai. Lakini bodi ya dabo kabini ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na kina chini ya nusu mita. Ukizidisha na upana unapata karibu mita moja ya ujazo, na humo toa matao ya magurudumu. Pima katoni yako ikisimama. Ikizidi kina cha bodi, hilo kava ni pambo, kila safari utalifungua na kurudi kwenye turubai. Anayepeleka vifurushi vidogo vingi atalipenda maana linafunguka haraka na lina kufuli. Yale ya kujikunja yana vijibomba vya kutoa maji kwenye pembe za mbele. Vikiziba kwa mchanga maji yanarudi kwako, vipulize kila mwanzo wa mvua.

Kanopi inakupa kimo na kufuli, na zilizotumika kutoka nje zinapatikana. Nenda nayo gari lenyewe ukajaribishe, maana ya mwaka mmoja haikai kwenye gari la mwaka mwingine hata kama jina ni lile lile. Kagua raba za pembeni na za mlango wa nyuma. Gari likitembea, nyuma yake hewa inavutwa ndani, na vumbi la barabara za pembezoni linaingia kwa mlango huo kuliko kwingine kote. Raba ikikauka unapokea viatu vyeupe vimekuwa vya kaki.

Sasa wengi wetu hatuna gari, tunakodi. Bado unachagua kifuniko, unakichagua kwa mdomo kabla ya kupatana bei. Muulize dereva turubai lake linashuka mpaka wapi, na umwambie alifungue ulione lote. Kuna anayekuonyesha pembe nzuri, katikati limeungwa kwa selotepu. Ukikodi mara kwa mara, nunua turubai lako mwenyewe, liandike jina kwa rangi, likae dukani. Uliza pia asubuhi alibeba nini. Kirikuu iliyotoka Feri na samaki alfajiri, sakafu yake ina maji na ile harufu haitoki kwenye mkoba wa kitambaa kwa wiki mbili. Mwambie aoshe, akaushe, kisha weka chaga chini, hata ya mbao za sentimita 5, kabla ya katoni ya kwanza. Akisema chaga inamchelewesha, mwache aende, Msimbazi hazikosekani nyingine tano zimepaki zinasubiri mzigo.