Aliyekutangazia sarafu ya mtandaoni naye ana la kujibu

Mtu akitapeliwa katika biashara ya sarafu za kidijitali, kidole huelekezwa kwa kampuni. Tovuti imezimwa, simu hazipokelewi, wenyewe hawajulikani wako nchi gani, na mlalamikaji hukata tamaa papo hapo. Lakini kati yake na kampuni hiyo alikuwapo mtu mwingine: aliyebandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, akatuma linki yenye msimbo wake, akalipwa kamisheni kwa kila aliyejiunga. Mpigadebe huyo mara nyingi anajulikana kwa jina, kwa sura na kwa nambari ya M-Pesa. Nashikilia kwamba aliyelipwa ili uamini neno lake hawezi kulikana fedha zikishapotea, na kwamba sheria ya Kenya inampa mwananchi njia za kumfuata.

Msingi wa haki hiyo umo katika Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, kisha kinaliagiza Bunge litunge sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya staha. Haki hizo zinahusu pia huduma zinazotolewa na watu binafsi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, katika kifungu cha 55, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma. Kwa hiyo anayejitetea kwa uhuru wa kujieleza asome Katiba yote: iliyomlinda anapotoa maoni yake ndiyo hiyohiyo iliyodai ukweli katika matangazo.

Upande wa jinai unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huanguka. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayejipatia mali kwa hila, na kifungu cha 312 kinaeleza kuwa hila hiyo ni kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, inayotolewa na mtu anayejua kuwa si kweli au asiyeiamini. Mahakama ya Rufani iliweka wazi katika kesi ya Oware dhidi ya Jamhuri, 1989, kwamba ahadi ya jambo la baadaye haitoshi kuthibitisha kosa hilo. Maana yake kwako ni kubwa. Kauli kama “utapata faida maradufu mwezi ujao” ni ahadi, na peke yake ni ushahidi dhaifu. Lakini “kampuni hii ina leseni ya Benki Kuu”, au “jana nimetoa faida yangu yote”, ni kauli ya jambo lililopo au lililopita, inayoweza kuchunguzwa na kukanushwa. Hizo ndizo jumbe za kuhifadhi kwanza. Kifungu cha 20 cha Kanuni hiyohiyo nacho kinamhesabu anayesaidia au kuchochea kosa kuwa ametenda kosa lenyewe.

Watetezi wa wapigadebe husema kwamba waliandika wazi kuwa huo si ushauri wa kifedha. Nyota wa televisheni wa Marekani, Kim Kardashian, naye aliandika hivyo alipotangaza sarafu ya EthereumMax, na hata alama ya tangazo aliiweka, ila hakusema kuwa amelipwa dola 250,000. Mwaka 2022 alikubali, bila kukiri wala kukana kosa, kulipa dola milioni 1.26 ili kumaliza madai ya mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani. Mwaka huohuo mahakama ya rufani ya Atlanta, katika shauri la madai kuhusu sarafu ya BitConnect, iliamua kwamba video ya kuwashawishi watu wote mtandaoni inaweza kumfanya mtu awajibike kisheria sawa na ushawishi wa ana kwa ana. Maamuzi ya Marekani hayazibani mahakama zetu, lakini mantiki yake ni nzito: anayewaita elfu hawezi kuwajibika kidogo kuliko anayemwita mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpigadebe naye alitapeliwa. Huenda ni kweli, na aliyeamini kwa dhati hana hatia ya hila. Hata hivyo, imani haimwondolei wajibu wa kueleza kuwa analipwa, na kamisheni aliyoipokea haigeuki kuwa halali kwa sababu naye alipata hasara baadaye. Wengine humlaumu aliyeibiwa kwa tamaa yake. Tamaa si kosa la jinai. Kudanganya ili kujipatia fedha ni kosa.

Tangu Oktoba 2025 Kenya ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayotaka wapewe leseni na kusimamiwa na Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kutuma chochote, ziulize taasisi hizo kama kampuni imeidhinishwa. Kama umekwisha kuumizwa, usifute mazungumzo wala kutoka kwenye kundi kabla ya kuyahifadhi. Picha za skrini zitahitaji cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo itunze simu yenyewe. Toa ripoti kwa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai (DCI). Ikiwa fedha zilipitia mikononi mwa mpigadebe na hazizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kusikiliza dai lako dhidi yake, na huhitaji wakili.