AROSTO SI JINI WALA UKAIDI: Yanayotokea kwenye ubongo wa anayeacha unga au pombe



Kila Ramadhani inapokaribia, wapo katika mitaa yetu wanaotia nia ya kuacha pombe au unga. Nia hiyo ni njema na familia hufurahi. Lakini siku ya pili tu kijana anatetemeka, anatapika, halali na anatukana watu. Mmoja atasema kapandwa na jini, mwingine atasema hakutaka kuacha kwa dhati. Ukweli ni kwamba hali hiyo, ambayo vijana huiita arosto, ni ugonjwa unaoanzia kwenye ubongo. Una muda wake na una matibabu yake. Na kwa mlevi wa pombe, kutoujua kunaweza kumgharimu maisha.

Ubongo na mizani yake

Mwenyezi Mungu ameuumba ubongo ukiwa na kemikali zinazochangamsha na zinazotuliza, na afya ni pale pande hizo mbili zinapolingana. Zimo pia zinazopunguza maumivu, ziitwazo endofini. Unga, yaani heroini, ukifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini na kukalia nafasi za endofini kwa nguvu kubwa. Vilevile huongeza dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kulitaka jambo tena na tena.

Ubongo unaoletewa utulivu wa nje kila siku hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu ili mtu asizimike. Ndiyo maana aliyeanza na kete moja baadaye huhitaji mbili. Siku unga unapokosekana, upande wa utulivu huwa mtupu na upande wa uchangamfu umefurika. Hiyo ndiyo arosto.

Kwa kawaida, muda wa saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza miayo, kamasi, machozi na jasho. Kisha hufuata maumivu ya mifupa, tumbo kukaza, kuhara, kutapika na kukosa usingizi. Kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi hupungua. Ni mateso makubwa, ingawa ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Kinachoweza kumuua ni kuharisha na kutapika bila kurudishiwa maji.

Pombe ni hatari zaidi

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu aliyekunywa bia au gongo kila siku kwa miaka, akikata ghafla, ubongo wake hubaki umechangamka kupita kiasi. Siku ya kwanza mikono hutetemeka na moyo huenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, joto hupanda, na huona wadudu au watu wasiokuwapo. Hali hiyo isipotibiwa huua.

Kwa hiyo mlevi wa kila siku asikate pombe akiwa peke yake nyumbani. Simwambii aendelee kunywa. Ninachosema ni kwamba safari yake ya kuacha ianzie kwa daktari. Vivyo hivyo kwa aliyezoea kumeza vidonge vya usingizi kama diazepam kila siku.

Kusafisha mwili ni nini?

Baadhi ya watu hudhani ni kuoshwa damu, wengine hupewa dawa za kuharisha, jambo linalozidisha upungufu wa maji. Ini na figo zenyewe huutoa unga na pombe mwilini. Kazi ya hospitali ni kumvusha mgonjwa salama wakati ubongo unarudisha mizani yake. Kwa pombe, daktari hutoa dawa ya kutuliza, kama diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, pamoja na maji na vitamini B1, kwani upungufu wa vitamini hiyo huharibu kumbukumbu.

Kwa unga ipo methadoni, dawa inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Wapo wanaosema huko ni kubadili kilevi kwa kilevi. Tofauti ni kwamba methadoni hufanya kazi polepole, na kipimo kikiwa sahihi mgonjwa hapati stimu wala arosto. Huweza kufanya kazi, na huepukana na sindano zinazoeneza Ukimwi na homa ya ini. Kuhusu funga, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Anayeweza kufunga azungumze kwanza na daktari juu ya muda wa dozi.

Baada ya kusafishwa

Wiki za mwanzo baada ya kusafishwa, au baada ya kutoka jela, zina hatari kubwa. Mwili umeshasahau unga, hivyo akirudia kipimo chake cha zamani pumzi hukatika. Ukimkuta anakoroma, hapumui vizuri na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitali haraka. Ipo dawa ya kuzindua iitwayo naloksoni.

Hamu nayo hubaki kwa miezi mingi, kwani ubongo hupona polepole. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji ushauri nasaha, kazi na marafiki wapya. Nyumba za upataji nafuu husaidia katika hilo.

Wazazi, msimfunge mtoto minyororo wala kumfungia chumbani. Mpelekeni hospitali, mpeni maji ya chumvi na sukari anapoharisha, msimpe fedha mkononi, na msimwache peke yake. Mwombeeni dua, nanyi mumtafutie tiba. Na akija msikitini, tumpe nafasi kwenye safu bila kumnyooshea kidole.

Wabillahi tawfiiq.