Sauti ya Gitaa la Umeme katika Kompyuta

Wengi wanaorekodi gitaa la umeme kwa programu iigayo amplifaya hulalamika kwamba sauti yao yakwaruza kama nyuki waliofungwa katika debe. Kosa hudhaniwa kuwa la programu, na mara nyingi silo. Basi tuanze mlangoni. Waya wa gitaa yafaa uchomekwe katika tundu lililofanyizwa kwa ajili ya gitaa, lenye ukinzani wa omu 1,000,000 hivi; katika tundu jingine sauti za juu hufifia. Tena kipimo kisifike penye taa nyekundu, maana sauti iliyokatika hapo haitengenezeki tena.

Lakini jambo kubwa ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti nyingi zipitazo hezi 5,000 hivi. Yenyewe ni chujio. Programu isipoliiga kasha la spika, makapi yote yatasikika. Basi isogezeni kwanza maikrofoni ya kuigwa kutoka katikati ya spika kwenda ukingoni, kabla ya kugusa vifundo vingine. Mkwaruzo nao upunguzeni kuliko mpendavyo. Mkitaka sauti nene, upigeni wimbo mara mbili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Kunakili pigo moja hakufai, kwani mapigo mawili yaliyo sawasawa kabisa husikika kama moja tu, lenye nguvu zaidi.