Somo: Motokaa ya Dizeli Inayochemsha

Katika sharika, hospitali na shule nyingi ziko motokaa kuukuu za dizeli zinazofanya kazi hata leo. Mojawapo ijulikanayo sana ni Toyota Land Cruiser yenye injini iitwayo 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, nayo ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2. Injini hii yavumilia mengi, lakini kuchemsha haivumilii. Dereva akiona mshale wa joto umepanda, mara nyingi husimama, huongeza maji, kisha huendelea na safari. Kesho hufanya vivyo hivyo. Mwisho kichwa cha injini hupinda au hupasuka, na gari lililokuwa likichukua wagonjwa hukaa chini ya mwembe miezi mingi likingoja fedha.

Basi yatupasa kujua jambo hili: joto kubwa si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili, kama homa ilivyo kwa mwanadamu. Mganga mwema huuliza kwanza, “Homa hii ilianza lini? Hupanda saa ngapi?” Kadhalika mwenye gari aulize: linachemsha lini, na mahali gani? Jibu la swali hilo litamwonyesha pa kutazama kabla hajanunua kitu chochote.

1. Joto latoka wapi, tena laenda wapi?

Injini ya dizeli haina cheche za kuwasha moto. Hewa hugandamizwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda hata iwe ya moto sana. Ndipo mafuta hunyunyizwa na nozeli, nayo huwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha kazi hiyo huko Augsburg mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika. Katika joto lote la mafuta yale, kama theluthi moja hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari, theluthi moja hutoka na moshi, na theluthi iliyobaki huchukuliwa na maji.

Maji yana safari yake. Pampu huyasukuma yazunguke silinda na kupanda katika kichwa cha injini. Thamostati, ambayo ni kilango kifungukacho kwa joto, huyaruhusu kwenda katika rejeta. Huko upepo wa feni na wa mwendo huyapoza, nayo hurudi tena injini. Kwa hiyo sababu za kuchemsha ni nne tu: maji ni machache, au maji hayaendi, au upepo haupiti, au joto lenyewe limezidi kipimo.

2. Kwanza, usalama

Mshale ukipanda, punguza mwendo, zima kipoza hewa, na kama gari lina hita uifungue kabisa, maana nayo hutoa joto katika maji. Usipoona mshale kushuka upesi, simama. Kama mkanda wa feni ni mzima na maji hayamwagiki, iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili, kisha uizime. Lakini kama mkanda umekatika au maji yamekwisha, zima mara moja.

Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto! Kifuniko kile hushikilia mgandamizo, hata maji yaweza kufika karibu digrii 120 bila kuchemka. Ukikifungua, mgandamizo huondoka, na maji yote hugeuka povu na mvuke na kukurukia usoni. Watu wengi wameungua hivyo. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa maji kwa mkono bila kuumia. Tena usimimine maji baridi katika injini ya moto, maana chuma hupasuka kwa kupozwa ghafula.

Zaidi ya hayo, usiuamini mshale siku zote. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki kimezungukwa na mvuke mtupu, na mshale waweza kushuka kana kwamba mambo ni mema, kumbe injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafula ni neno la kusimama, si la kushukuru.

3. Gari linachemsha lini?

Kama linachemsha likisimama au likienda polepole, lakini hupoa likikimbia tambarare, upepo wa feni ndio uliopungua. Tazama mkanda: umelegea au umepasuka? Kisha zima injini ingali moto, uiguse feni kwa uangalifu na kuizungusha kwa mkono. Katika Land Cruiser hii feni imefungwa kwa kiungo chenye mafuta mazito ndani. Ikiwa nzima, itakaza kidogo. Ikizunguka mara nyingi bila kizuizi chochote, mafuta yale yamevuja, na kiungo kimekufa.

Kama linakwenda vema mjini, lakini linachemsha likipanda mlima kwa mzigo, kwa mfano kutoka Mombo hata Lushoto, tazama rejeta. Kwa nje huzibwa na matope, mbegu za majani na wadudu. Ioshe kwa maji, ukipeleka maji kutoka upande wa injini kuja mbele. Kwa ndani huzibwa na kutu na chokaa. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta: palipo baridi katikati ya joto, hapo maji hayapiti. Kumbuka pia kwamba Lushoto iko juu ya bahari kama mita 1,400, na huko maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwa digrii 95 tu. Kifuniko kilicholegea, ambacho pwani hakuna aliyekitambua, mlimani hujidhihirisha.

Kama linachemsha dakika chache baada ya kuwashwa, na rejeta ingali baridi, huenda thamostati imekwama. Itoe, uitie katika sufuria ya maji, uyachemshe pamoja na kipima joto. Kiasi cha joto chake kimepigwa chapa juu yake. Ikipita hapo bila kufunguka, ibadilishe. Wengine huitupa na kuendesha gari bila hiyo. Haifai. Katika injini nyingi iko njia fupi ya kuyarudisha maji injini, na thamostati ndiyo inayoifunga njia ile. Isipokuwapo, sehemu ya maji hupita njia fupi bila kuiona rejeta.

Kama maji hupungua kila siku wala huoni yanapovuja, hili ndilo la kuogopwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko na kuiwasha. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, hewa ya silinda inapenya katika maji: gasketi imeungua au kichwa kimepasuka. Ishara nyingine ni mipira kuwa migumu mara baada ya kuwasha, moshi mweupe usiokwisha, na mafuta ya injini kufanana na maziwa. Kwa kuwa dizeli hugandamiza hewa kwa nguvu nyingi, ufa mdogo hauchelewi kuwa mkubwa. Gari la namna hii lisisafiri tena, liende kwa fundi.

Mwisho, kama moshi ni mweusi sana wakati wa kupanda, joto lenyewe limezidi. Kichujio cha hewa kimeziba, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au mtu ameongeza mafuta katika pampu ili gari lipate nguvu. Tazama na breki pia, maana breki inayoshika huilazimisha injini kufanya kazi ya bure.

4. Utaratibu wa kutengeneza

Anza na yasiyo na gharama: maji, mkanda, mipira, kifuniko, uchafu wa rejeta. Kisha yenye gharama ndogo, kama thamostati. Yaliyo makubwa yawe ya mwisho, isipokuwa umeona mapovu. Usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja, maana hutajua ni kipi kilichoponya. Andika katika daftari la gari umeongeza maji kiasi gani na siku gani. Daftari hilo humsaidia fundi kuliko maneno mengi. Wala usitie maji ya chumvi au ya matope. Tumia maji safi pamoja na kulanti, ambayo huzuia kutu hata katika nchi isiyo na baridi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa maji uliopasuka ni wa bei ndogo. Kichwa cha injini ni cha bei kubwa. Naye mama anayengoja gari usiku apelekwe kujifungua, hana nafasi ya kungoja mpaka ukuta ujengwe.

Maswali ya kujipima

1. Sababu nne za kuchemsha ni zipi?
2. Kwa nini mshale ulioanguka ghafula ni hatari?
3. Gari linachemsha likisimama, hupoa likikimbia. Utatazama nini kwanza?
4. Mapovu mfululizo asubuhi yaonyesha nini, na gari lifanyweje?