Kichaa cha Mbwa Huzuiwa Mtaani

Mgonjwa wa kichaa cha mbwa akishaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hospitali haina tena dawa ya kumponya. Kabla dalili hazijaanza, kifo cha ugonjwa huu karibu kila mara kinazuilika. Tangu kuumwa hadi dalili kutokea kwa kawaida hupita mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa wengine huugua mapema zaidi. Usalama wa aliyeumwa hutegemea sana wanachofanya watu wa nyumbani na majirani siku ile ile.

Virusi huishi kwenye mate. Kwa hiyo aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye mchubuko aoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Mtoto atalia, endelea kuosha. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kata na mwingine asugue. Msipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo, na amalize sindano zote hata kama kidonda kimefunga. Kituo kikikosa chanjo, ulizeni inapatikana wapi, na majirani wachange nauli. Kukosa nauli ndogo kumewahi kugharimu maisha.

Takriban 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto anayejua atachapwa kwa kumchokoza mbwa ataficha jeraha. Naomba wazazi na walimu waahidi waziwazi: ukiumwa, sema, hutaadhibiwa.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila hatari, aangaliwe siku 10, lakini chanjo ya mtu isisubiri. Akifa au akibadilika tabia, msimguse. Mwiteni afisa mifugo. Ng'ombe, mbuzi au punda aliyeumwa naye aripotiwe, wala asichinjwe kwa kitoweo.

Kuua mbwa ovyo hakuondoi ugonjwa: wenye mbwa huwaficha, na wapya huingia. Kinachofaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka. Pemba imelithibitisha hilo. Ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014, ukaingizwa tena 2016, na ukaondolewa kwa mara ya pili 2018 baada ya chanjo za kisiwa kizima kurejeshwa.

Siku ya chanjo ikitangazwa, sheha au mwenyekiti apitishe habari msikitini, kanisani na shuleni, maana mara nyingi watoto ndio wanaoweza kumshika mbwa wa nyumbani. Wengi tunaowaita mbwa koko wana kwao. Majirani waulizane nani atampeleka yupi. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, hata wale wachanga ambao watu hudhani hawajafikia umri wa kuchanjwa.