Amri ya Ulinzi: Si Lazima Wewe Ndiye Uhame

Anayepigwa nyumbani huambiwa avumilie, au abebe watoto arudi kwao. Ushauri huo unanikera, kwa sababu tangu 2015 Kenya ina Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, na chini yake mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomtaka anayekudhulumu atoke, nawe ubaki ndani, hata kama nyumba ni yake.

Sheria hii haisubiri uvunjwe mbavu. Vitisho, kufuatwafuatwa, kunyimwa pesa za matumizi, kuharibiwa mali na kulazimishwa kitandani hata na mume wako, vyote ni ukatili. Wachumba na walioachana wanalindwa pia, na mwanamume anayepigwa ana haki hiyo hiyo.

Ukiumizwa, tangulia hospitali. Ikiwa umebakwa, usioge wala usifue nguo, na ufike kabla ya saa 72 kwisha, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zina muda wake. Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe taarifa, uchukue nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) na uombe fomu ya P3 ya kurekodi majeraha, ambayo daktari ataijaza. Unaweza kuomba taarifa yako ichukuliwe na afisa wa jinsia yako. Wakikwambia haya ni mambo ya nyumbani mkayamalize huko, omba kumwona mkuu wa kituo. Sheria inawataka wakueleze njia za kupata usaidizi, si kukurudisha.

Ombi la amri ya ulinzi hupelekwa kwa hakimu, likiandamana na hati ya kiapo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuandika tu "ananitesa kila mara". Andika tukio moja moja: siku gani, saa ngapi, alisema nini, alikushika wapi, nani alisikia. Ambatisha picha za majeraha, jumbe za simu na nakala ya P3. Kama hatari ni ya sasa hivi, omba amri ya muda. Hakimu anaweza kuitoa kabla mwenzako hajaitwa kujieleza. Usipokuwa na wakili, shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, husaidia wanawake bila malipo.

Ukishaipata amri, peleka nakala kituo cha polisi kilicho karibu, shuleni kwa watoto na kwa mlinzi wa ploti. Akiikiuka, polisi wanaweza kumkamata bila waranti, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi 12, faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili.

Siku mwenzako atakayokabidhiwa karatasi za mahakama ndiyo ya kuogopa zaidi. Usiwe peke yako. Panga mapema pa kulala, na uweke kwa mtu unayemwamini kitambulisho chako, vyeti vya watoto, dawa na nauli. Nambari ya msaada kwa wanaodhulumiwa, 1195, hupigwa bure, mchana na usiku.