Maradhi ya Kuogopa Maradhi

Mwili ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na kuutunza ni wajibu. Lakini siku hizi watu wengi, wakiumwa kichwa kidogo tu, huuliza intaneti kwa simu zao, na kabla ya kucha wamekwisha jihukumu kufa. Basi yafaa tuchunguze khofu hiyo yatoka wapi.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa kampuni ya Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walieleza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu akitafuta habari za kuumwa kichwa, kurasa aletewazo zaweza kutaja uvimbe wa ubongo sawasawa na zinavyotaja kuacha kahawa ghafla. Lakini katika Marekani wanaopatwa na uvimbe huo kwa mwaka hawafiki mtu mmoja katika kila watu 1,000, hali kuumwa kichwa kwa kukosa kahawa ni jambo la kawaida kabisa.

Sababu ni nini? Intaneti hukusanya yaliyoandikwa. Haiupimi mwili wako. Tena khofu yenyewe huuendesha moyo mbio, huleta kizunguzungu na kukosesha usingizi. Mwenye khofu huzidhani hizo kuwa dalili mpya, akarudi kutafuta tena. Hivyo khofu huzaa dalili, na dalili huzidisha khofu.

Pengine mtu atauliza: Je, kutafuta elimu ni kosa? La, hasha! Kosa ni kumfanya kadhi yule asiyemwona mshtakiwa wala kusikia mashahidi. Tabibu hukuuliza umri wako na siku maumivu yalipoanza, kisha hukupima.

Kwa hiyo andika dalili zako, uende nazo kwa tabibu. Mwenye homa katika nchi zenye malaria apimwe damu, asikisie. Ama maumivu makali mno ya kichwa yaanzayo ghafla, au homa pamoja na kukakamaa shingo, au kulegea upande mmoja wa mwili, hayo hayangoji kusoma. Aende hospitali saa ile ile.

Na aliyepimwa akaonekana mzima, lakini khofu haikumtoka, amweleze tabibu khofu hiyo pia, maana nayo ina tiba yake. Wahenga walisema: Mficha maradhi kilio humfichua. Khofu nayo ni maradhi; basi isifichwe.